Fundo la Mizunguko Mitatu

Wivu ulimwingia Sindano saa nne na robo asubuhi, akiwa amebana uzi wa nailoni kwa meno na mikono yote miwili imo ndani ya wavu. Haukubisha hodi. Ulikuja na sauti ya Redio, mshonaji mwenzake.

"Mimi sisemi kitu," alisema Redio, na wanawake wote waliokuwa bandani wakapunguza mwendo wa mikono, maana Redio akianza hivyo ujue taarifa ya habari imewadia. "Nasema nilichokiona tu. Jana saa tisa alasiri, mlango wa ofisi ya juu umefungwa. Juzi saa tisa, umefungwa. Ndani wamo watu wawili. Wote nawajua, na mmoja wao ana mwenyewe."

Sindano akautoa uzi mdomoni. "Mwenyewe nani?"

"Kumbe unasikia? Nilidhani umezama."

"Redio, sema au funga stesheni."

"Haya. Ni fundi wako. Na yule dada wa vipimo."

Kicheko chembamba kilipita bandani, kikafa chenyewe. Sindano akainama tena juu ya tundu alilokuwa akiliziba.

"Sikio ana kazi ya pampu," alisema bila kuinua uso. "Ile ya kutolea maji melini. Imeharibika. Ameniambia mwenyewe kwamba wiki nzima atakuwa nayo."

"Pampu." Redio alilirudia neno polepole, kama anayeonja chumvi. "Pampu iko chini kabisa ya meli, shoga yangu. Ofisi iko ghorofani. Labda maji yamepanda."

Safari hii kicheko hakikufa haraka.

Lilikuwa banda refu la bati, nyavu zikining'inia kutoka kwenye kulabu za juu mpaka sakafuni, na washonaji wamekalia ndoo zilizopinduliwa, kila mmoja na sindano yake ya mbao. Sindano ndiye aliyepewa jina la kifaa chenyewe, kwa kuwa wavu aliouziba yeye hakuna aliyeweza kukuonyesha palipokuwa pamechanika. Na huyo aliyekuwa akisemwa aliitwa Sikio kwa sababu ya namna hiyo hiyo. Alikuwa fundi wa mashine katika meli ya uvuvi iliyofungwa hapo nje gatini. Mashine ikikohoa, Sikio hamuulizi mtu, anaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini kwenye sikio, anafumba macho, kisha anasema, "Ni silinda ya tatu." Na huwa ni silinda ya tatu. Sindano aliyapenda hayo macho yaliyofumbwa. Alipoongea naye alihisi kwamba naye anasikilizwa hivyo hivyo, mpaka ndani, mpaka kwenye silinda yake inayokohoa.

Jumapili wazee wa Sikio walikuwa waje nyumbani kwa kina Sindano kusikiliza jibu la posa. Leo ilikuwa Alhamisi.

Na huyo dada wa vipimo, waliyemwita Mtaalamu, alikuwa ametokea miezi miwili iliyopita na masanduku yake. Mwenye meli alimleta afunge mitambo. Kwanza alifunga kipimo kwenye bomba la dizeli, kikawa kinaonyesha kwenye skrini mashine inakunywa lita ngapi kwa saa. Kisha akatoa mayai. Ndivyo walivyoyaita bandani, kwa sababu yalikuwa ya njano na umbo ni hilo hilo, ila kila moja lingemtosha mbuni. Yai lilifungwa kwenye mdomo wa wavu wa kukokota, na kutoka huko chini ya maji likamwambia nahodha wavu umefunguka kiasi gani na samaki wameingia kiasi gani, ili asikokote bure kutwa nzima, akichoma mafuta na kuzoa hata samaki wachanga ambao wangefaa kuachwa wakue. Kabla ya Mtaalamu, safari moja ilikunywa mapipa tisa ya dizeli. Sasa ilikunywa saba. Hata moshi mweusi uliokuwa ukichafua nguo zilizoanikwa nyuma ya banda ulipungua, na Sindano alikuwa wa kwanza kumshukuru.

Alikumbuka shukrani hiyo sasa, na akatamani kumnyang'anya.

*

Kabla ya adhuhuri Mtaalamu mwenyewe akaingia bandani, yai la njano kwapani, nywele zimefungwa nyuma kwa kibanio, na harufu ya sabuni imemtangulia.

"Hamjambo jamani? Dada Sindano, naomba ile kamba nyembamba. Mita mbili tu."

"Kamba ipo," alisema Sindano. "Mfungaji ni nani?"

"Mimi mwenyewe. Kila safari lazima nilifungue nichaji betri, kwa hiyo lazima nijue kulifunga." Akashusha pumzi. "Mayai mawili yameshapotea, dada. Hili ndilo la mwisho. Mwenye meli ameniambia waziwazi, hili nalo likizama, nifungashe virago na ning'oe skrini zangu zote."

"Yanapoteaje?" aliuliza Redio, masikio juu.

"Hata sielewi. Mwanzoni nilitumia vibano vya plastiki, vikakatika, nikaliokota yai katikati ya samaki. Ndipo nikafundishwa fundo. Nafunga vizuri, nazungushia na utepe juu yake. Siku mbili tatu majini, limekwenda."

Akavuta ndoo, akakaa, akaanza kujaribisha kamba kwenye ubao uliokuwa mbele yake. Sindano alimtazama kwa nusu jicho, kama fundi yeyote anavyomtazama anayejifunza. Kamba ikaenda kushoto. Ikapanda juu ya kidole cha mwisho. Ikapita chini ya kidole gumba.

Sindano akaacha kushona.

Hakuna mtu bandani aliyefunga kwa kuanzia kushoto. Lile lilikuwa fundo la marehemu baba yake, aliyekuwa mshonaji kabla yake na aliyetumia mkono wa kushoto, akalitunga mwenyewe kwa sababu mafundo ya wengine yalimkataa. Mizunguko miwili ya kawaida, na wa tatu unarudi chini na kuing'ata kamba yenyewe, hivi kwamba wavu unavyozidi kuvuta, ndivyo fundo linavyozidi kukaza. Alimfundisha binti yake tu. Na binti yake alimfundisha mtu mmoja tu.

Ilikuwa siku ya mvua, banda tupu. Sikio alikuja kuomba kipande cha kamba, akabaki. Sindano alimwekea mkono juu ya mkono, akamwonyesha mzunguko wa kwanza, na wa pili, kisha akaacha makusudi.

"Mbona umeacha?" Sikio aliuliza.

"Wa tatu simpi mtu wa kupita njia."

"Na asiyepita?"

Hakumjibu. Alimshika vidole akaupitisha mzunguko wa tatu, taratibu, mvua ikipiga bati juu yao, na wote wawili walijua kwamba amekwisha kumjibu.

"Nani amekufundisha hilo?" Sindano alisikia sauti yake ikiuliza.

"Fundi wa mashine. Ana subira yule!" Mtaalamu alitabasamu kwa kamba iliyokuwa mkononi. "Mimi ni mzito, ilibidi anishike kidole kimoja kimoja, kama mtoto anayefundishwa kushika kalamu." Akacheka peke yake, kama aliyekumbuka jambo la wawili.

"Amekushika vidole."

"Eeh. Bila hivyo nisingeweza."

Sindano akasimama. Macho yalikuwa yameanza kumfanyia visa, asingeweza kutazama fundo lile mpaka mwisho mikononi mwa mwanamke mwingine.

"Mkasi," alisema. "Nimesahau mkasi."

Mkasi ulikuwa unaning'inia shingoni kwake. Redio aliuona, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, akaufunga.

*

Nyuma ya banda, kati ya mapipa matupu, simu ikalia. Alikuwa mama yake.

"Mwanangu, Jumapili niandae viti vingapi? Jirani ana sita, lakini anataka kujua leo."

Sindano akaegemea pipa. Lilikuwa la moto kwa jua. "Usiandae, mama."

"Kuna nini?"

"Hakuna."

"Hakuna ndiyo nini? Mimi nilisema tangu mwanzo, sitaki binti yangu amalize umri wake akimsomea mtu barua. Wewe ukalia siku tatu, ukanishinda, nikanyamaza. Leo nimeshajidhalilisha kwa jirani kwa ajili ya viti, ndiyo unaniambia nisiandae?"

"Si mambo ya barua, mama."

"Basi ni mwanamke."

Sindano akakata simu.

Ni kweli Sikio aliishia darasa la nne. Aliweza kuandika jina lake na kusoma tarakimu kwenye geji, zaidi ya hapo alimpa mwenzake karatasi akisema macho yanamuuma. Sindano alilijua hilo tangu mwezi wa kwanza na halikumpunguzia kitu. Lakini mama yake alikuwa amelisema siku ile ya kwanza alipomleta nyumbani, kwa sauti ya kufika uani. Na Sikio alikuwa uani.

Alikaa pale mpaka jua likahama kwenye pipa. Aliwaona wawili wale katika kila namna ambayo macho ya mwenye wivu yanaweza kuona. Aliona vidole. Aliona vidole zaidi kuliko kitu kingine chochote. Wanaume wengine hugawa pete waliyopewa, au shati, au picha. Huyu wa kwake amegawa fundo. Pete angeweza kuidai. Fundo likishaingia vidoleni mwa mtu, unalidaije?

Saa tisa ilipofika alikuwa tayari chini ya ngazi ya ofisi.

*

Vilikuwa vipandio kumi na tisa vya chuma, na alivipanda bila hata kimoja kutoa mlio. Mlango ulikuwa umefungwa, kama Redio alivyotangaza. Akasimama. Hakuwahi kusikiliza mlangoni maishani mwake, na alijionea haya, na hakuondoka.

"Polepole," ilisema sauti ya Mtaalamu. "Usiogope."

"Naona aibu." Hiyo ilikuwa ya Sikio, ya chini, sauti aliyodhani ni yake yeye peke yake.

"Aibu ya nini? Tupo wawili tu. Haya, tena."

Sindano akausukuma mlango.

Walikuwa upande mmoja wa meza, bega kwa bega, skrini ya kubeba mkononi imesimamishwa mbele yao na mstari wa kijani unapita katikati yake. Sikio alifunga daftari kwa kishindo, akatazama huku na huku asione pa kuliweka, akalikalia.

"Pampu imepona?" aliuliza Sindano.

Sikio akasimama, akakumbuka alichokikalia, akakaa tena. "Sindano, wewe..."

"Nauliza pampu."

"Hakuna pampu."

"Wiki nzima?"

"Wiki tatu," alisema Sikio, ambaye hata katika kuumbuka hakuweza kusema uongo mara mbili.

"Dada," alianza Mtaalamu, "nafikiri ungemsikiliza kwanza..."

"Wewe sijaanza nawe. Nitakufikia." Hakupandisha sauti. Bandani walijua kwamba Sindano akishusha sauti ndipo pa kukaa chonjo. "Nimekuja kusema neno moja, Sikio. Jumapili wazee wako wasijisumbue. Wabaki kwao. Na wewe baki hapa, pana mtu mwenye vidole vizito, asije akasahau."

"Vidole? Vidole gani?"

"Muulize."

Alishuka vipandio kumi na tisa na safari hii vyote vililia. Nyuma yake alisikia kiti kikianguka na viatu vya Sikio vikimfuata.

"Sindano! Ngoja kidogo!"

Hakungoja. Alipita bandani bila kutazama pembeni, akatoka upande wa pili, akavuka gati na kupanda ubao wa kuingilia melini. Wavu ulikuwa umeshaviringishwa tayari nyuma ya meli, kwenye tezi, kwa safari ya kesho alfajiri, na juu yake yai la njano, limefungwa kwenye kamba ya juu ya mdomo wa wavu, limezungushiwa utepe mweusi. Akaushika mkasi wa shingoni.

"Unafanya nini?" Sikio alifika akihema.

"Nakata cha kwangu."

"Hilo yai ni la..."

"Yai libaki. Nakata fundo. Fundo ni la baba yangu."

Uso wa Sikio ukabadilika, na Sindano akaona kwamba sasa ndipo alipoelewa vidole ni vidole gani.

"Kata," alisema hatimaye. "Una haki. Lakini kwanza tazama hiki." Akamnyooshea daftari, limekunjika kwa kukaliwa.

Hakutaka kulitazama. Akalitazama. Kurasa za mwanzo zilikuwa na maneno makubwa yaliyoinama kama watu wanaopanda mlima: mafuta, joto, kasi, betri. Mafuta. Joto. Kasi. Mstari baada ya mstari.

"Skrini ina maneno, Sindano. Mashine ikisema, naisikia. Skrini haina sauti. Mtaalamu akiondoka nani atanisomea, nahodha? Ataleta fundi anayejua kusoma, na mimi nitabaki nimeshika bisibisi yangu. Nikamwomba dada wa watu anifundishe."

"Kwa nini usiniombe mimi?"

"Siku ile uani nilimsikia mama yako."

"Mimi ndiye mama yangu?"

"Nilitaka Jumapili niingie kwenu nikiwa mtu mwingine. Nasoma, nakosea, narudia neno moja mara kumi. Nisingeweza kukosea hivyo mbele yako. Mbele yake niliweza."

Alilisema kama utetezi, maskini, hakujua ametia chumvi kidondani.

"Kwa hiyo yeye ameona aibu yako," alisema Sindano taratibu, "na mimi nimebakiziwa majivuno. Unajua lipi kati ya hayo ndilo la mke?"

Sindano akafunua ukurasa mwingine ili asimtazame usoni. Kurasa mbili nzima zilikuwa na neno moja, kuanzia juu mpaka chini. Lilikuwa jina lake. Si Sindano, bali lile alilopewa na wazazi wake, ambalo pale kazini halikutumiwa na mtu. Mistari ya kwanza lilikuwa halisomeki. Mistari ya mwisho lilikuwa limesimama wima, kila herufi mahali pake. Kisha akaona mahali herufi moja ilipokuwa imezungushiwa duara jekundu.

"Kalamu nyekundu ni ya nani?"

"Ya... ya mwalimu."

"Hata jina langu umesahihishiwa na yeye!"

"Nilikuwa nimeruka herufi!"

"Ungeiacha iruke! Ningekuja kuirudisha mwenyewe!" Akamtupia daftari kifuani. "Na ada ukamlipa kwa fundo langu."

"Hakutaka ada. Mayai yake yalikuwa yakianguka, akaniuliza kama najua fundo linaloshika. Mtu ananifundisha bure kila siku, Sindano. Ningemwambia sijui?"

"Ndiyo! Ungemwambia hujui! Ni uongo mmoja tu, na wewe wiki tatu hizi ulikuwa unao wa kutosha!"

Akaupata mwisho wa ule utepe mweusi kwa ukucha, akauvuta. Utepe ukatoka kwa mlio mrefu, fundo likabaki wazi juani. Akaingiza ncha ya mkasi chini ya kamba.

Ncha ikaingia kirahisi mno.

Akainama. Kushoto, juu ya kidole cha mwisho, chini ya gumba: mzunguko wa kwanza. Wa pili juu yake, mzuri kabisa, umelala sawa. Na baada ya wa pili, kamba ilikuwa imekatwa na kufichwa chini ya utepe.

Akatafuta wa tatu kwa kidole, kama anayetafuta tundu gizani. Haukuwapo. Ndiyo maana mayai yalikuwa yakizama. Nchi kavu lingeshika hata mwaka. Majini, mashine ikitetemeka usiku na mchana, mizunguko miwili ingejilegeza yenyewe.

Yapo mambo mawili tu, aliwaza. Ama huyu mwanamume ameshausahau mzunguko wa tatu, na siku ile ya mvua pamoja nao. Ama...

Akatoa mkasi. Akachomoa sindano ya mbao mfukoni mwa aproni, yenye kamba tayari, akamtia Sikio mkononi.

"Funga."

"Nifunge nini?"

"Fundo. Hapo kwenye reli ya ukingo wa meli. Na usiongee."

Sikio alitazama sindano, akamtazama yeye, akapiga magoti kwenye sitaha. Vidole vyake vilikuwa na grisi kwenye kucha, kama kawaida. Kushoto. Juu ya kidole cha mwisho. Chini ya gumba. Mmoja. Wa pili ukalala juu ya wa kwanza. Vidole vikasita pale, kwa muda mfupi sana, na Sindano akawa amekwisha kuanza kugeuza uso ili asione mwisho wake.

Kamba ikarudi chini, ikaing'ata kamba yenyewe, ikakaza.

Mitatu.

"Unaujua," alisema Sindano.

"Nitausahauje?"

"Umempa miwili."

Sikio alibaki amepiga magoti, anaongea na reli. "Kila nikifika wa tatu mkono ulikataa. Siku ya kwanza nilijiambia nitampa kesho. Yai likapotea. Nikajiambia leo nampa. Nikamshika kidole, nikafika pale, nikaiona mvua. Nikamwambia basi, limekwisha, zungushia utepe."

"Mayai mawili, Sikio! Mali ya watu iko chini ya bahari, na dada wa watu analaumiwa hajui kufunga!"

"Najua."

"Angefukuzwa!"

"Najua, Sindano. Na skrini zingeng'olewa, tungerudi mapipa tisa. Yote nayajua. Silali."

Ilimpasa akasirike, na alikasirika. Lakini chini ya hasira ile kitu kilikuwa kinafunguka kifuani mwake ambacho tangu saa nne na robo kilikuwa kimefungwa kwa mizunguko mingi kuliko mitatu. Akageukia baharini apanguse macho. Alipogeuka tena, Mtaalamu alikuwa amesimama juu ya ubao wa kuingilia, skrini yake imekumbatiwa kifuani, na ilionekana wazi kwamba yupo pale tangu "mayai mawili".

"Yaani wewe!" Mtaalamu alimwambia Sikio. "Wiki zote hizi nahesabu mawimbi! Nimeandikia kiwanda kwamba kamba zao mbovu! Na mimi nakurudishia herufi zote, sikukunyima hata moja!"

"Nisamehe, mwalimu."

"Mwalimu wako nani!"

"Mpige," alisema Sindano, "nitakushikia skrini."

Mtaalamu akamtazama, tayari kwa ugomvi mwingine, na hapo midomo yake ikamsaliti. Akacheka. Sindano hakucheka, hakuwa amefika huko bado. Alipiga magoti, akalikata fundo la mizunguko miwili, akaliweka yai sawa na kulifunga upya, mgongo wake ukiwa umewakinga wote wawili wasione vidole. Alipomaliza akalivuta kwa uzito wake wote. Halikutikisika.

"Dada," alisema akisimama, "nilisema nitakufikia. Nimefika. Hili yai kila safari ukishalichaji utaniletea mimi nilifunge. Mimi, si mtu mwingine. Sawa?"

"Sawa."

"Masomo yaendelee, skrini lazima aijue. Lakini kuanzia kesho ni bandani, saa tisa, mbele yangu. Na kalamu nyekundu naomba."

Mtaalamu akaitoa mfukoni, akampa. Sindano akaichomeka nyweleni.

"Na wewe, nyanyuka. Barua ya kwanza utakayoandika maishani mwako haitakuwa ya kumridhisha mama yangu. Ni ya mwenye meli. Utamwambia mayai yamezamaje na nani ayalipe. Utaiandika mwenyewe, leo, kabla meli haijatoka."

"Itakuwa na makosa," alisema Sikio.

"Iwe nayo. Ruka herufi unavyotaka." Sauti ikataka kumtoroka, akaidaka. "Nitakuwa nimekaa pembeni."

Sikio akaufumba mkono wake juu ya mkono wa Sindano, hapo kwenye reli, juu ya fundo, na hakuuondoa hata nahodha alipotoa kichwa dirishani kuuliza kuna kikao gani melini kwake leo, huko tezini.

Simu ikatetemeka ndani ya aproni. Sindano akaipokea kwa mkono uliokuwa huru.

"Jirani yuko mlangoni," alisema mama yake. "Anataka neno la mwisho. Viti au hapana?"

"Viti, mama."

"Sita?"

Sindano akamtazama Mtaalamu, aliyekuwa ameinama akilikagua yai, nywele zake safi zimechomoka kibanioni zikimwangukia usoni vizuri mno kwa mtu aliyekuwa kazini.

"Saba," alisema. "Kuna mwalimu. Hicho cha saba, mama, kiweke karibu na changu. Nataka niwe namwona."